Folda Zilizokataa Kuhama

Skripti yangu ilikwama kwenye folda ya kumi na nne. Kumi na tatu za kwanza zilikuwa zimepita bila neno, halafu mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, yote ikisema jambo lile lile: ruhusa imekataliwa. Sikushtuka. Kazi hii nimeifanya tangu kompyuta za Kigali zilipokuwa na migongo iliyojaza meza nzima, na mstari mwekundu kwangu ni mwanzo wa mazungumzo tu. Nikamwambia mwenye kazi asiwe na wasiwasi, nikavuta kiti mbele.

Mwenye kazi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mpiga picha. Tulikuwa kwenye studio ya familia yao, mtaa wa Biryogo, katika kichochoro ambacho upande mmoja ni cherehani tupu na upande wa pili ni chai na chapati. Studio ilianzishwa na mama yake. Mama alikuwa amefariki miezi kumi na moja kabla ya siku ile, na duka likabaki mikononi mwa kaka mkubwa. Binti sasa alikuwa anaondoka kwenda kufungua chumba chake mwenyewe Kimironko, nyuma ya soko, mitaa michache kutoka ninapoishi. Kaka abaki na kamera kubwa, taa, mapazia na jina la duka, yeye hakujali. Alichotaka ni folda za mama.

Bila kujua folda zile zilikuwa na nini, mtu anaweza kudhani tulikuwa tunahamisha picha za pasipoti. Mama yule alikuwa mpiga picha wa siku ya hina. Wanawake wa mtaa wanapomwandaa bibi harusi, mlango hufungwa, wanaume hubaki huko nje, mitandio hutoka vichwani, na watu wazima wenye heshima zao hucheza mpaka jasho linawatiririka. Simu zote huachwa kwenye kikapu mlangoni. Kamera iliyoruhusiwa kupita kikapu kile ilikuwa moja tu, ya mama. Na kila bibi harusi aliambiwa maneno yale yale: picha hizi utaziona wewe, na yule utakayemwonyesha wewe. Miaka yote mama aliishi kwa maneno hayo. Alizisafisha mwenyewe, alizichapa mwenyewe, alizipeleka mwenyewe kwenye bahasha iliyogundishwa, na zilizobaki kwenye kompyuta alizifunga folda moja moja, kila folda kwa ruhusa yake yeye peke yake.

Sasa mama hayupo, na kompyuta iko kwa kaka. Wanawake walikuwa wameanza kuulizana. Wawili walikuwa wamekuja dukani kutaka picha zao zifutwe mbele ya macho yao. Jumapili iliyokuwa inakuja binti alikuwa na siku ya hina yake ya kwanza akiwa peke yake, na shangazi wa bibi harusi alikuwa amemuuliza swali moja kabla ya kukubali: zile za mama yako ziko kwa nani? Alijibu kwamba mpaka Jumapili zitakuwa kwake, na kwake tu. Kama angeshindwa kulisema hilo mlangoni bila kupepesa macho, kamera yake ingeingia kwenye kikapu pamoja na simu za watu wote, na kazi ya mama yake ingekuwa imeishia hapo. Hayo aliniambia kwenye simu siku aliyoniita, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyarudia kichwani mara nyingi.

Nilidhani aliniita kwa sifa zangu. Nilimuuliza nani alimtajia jina langu, nikiwa tayari kupokea pongezi.

"Dada, mimi nilitafuta fundi mwanamke," akasema. "Waliniambia muko wawili. Yule mwingine alikuwa na safari."

Nilicheka, lakini iliniuma kidogo, nisidanganye.

Tulichagua Ijumaa mchana kwa makusudi. Kaka na wafanyakazi wake wawili hufunga duka kabla ya saa sita, huenda msikitini, hupitia kula, na hurudi saa nane. Tulikuwa na saa mbili za kuwa peke yetu na mashine. Kaka alikuwa amempa dada yake paswadi ya akaunti yake, ambayo ndiyo akaunti ya msimamizi, bila kuuliza chochote. Hata hilo dada alilitilia shaka. Mtu anayekupa ufunguo bila kuuliza, alisema, ni mtu ambaye amekwisha kuingia. Sikuwa na maoni. Mimi naitwa kuhamisha folda, ugomvi wa ndugu haumo kwenye kazi yangu.

Skripti yenyewe haikuwa na ufundi wa ajabu. Ni karatasi ya amri ambazo mashine inazisoma kutoka juu kwenda chini, ichukue folda hii, iipeleke pale, irudi kwa inayofuata. Ila watu wengi hawajui kwamba kuhamisha kutoka diski moja kwenda nyingine si kubeba. Mashine inanakili kwanza kule inakokwenda, halafu inafuta kule ilikotoka, na katikati hapo ndipo watu wamepoteza harusi zao na mitihani yao. Kwa hiyo skripti zangu zina hatua tatu, nakili, hesabu, futa, na ile ya tatu haifanyiki mpaka niandike "ndiyo" kwa mkono wangu. Folda zilikuwa mia moja na tisini na mbili, zikienda kwenye kompyuta mpya ya binti iliyounganishwa kwa waya pembeni. Kumi na tatu za mwanzo zilikuwa kazi za kawaida, watoto wa shule na mikutano, hazikuwa na kufuli. Ya kumi na nne ndiyo ilikuwa siku ya hina ya kwanza.

Nikaanza na yale ambayo kila fundi huanza nayo. Niliiendesha skripti upya kwa nguvu za msimamizi. Mistari myekundu. Nikafikiri kuna programu imeshikilia picha zile, nikafunga kila kilichokuwa wazi, nikaizima mashine na kuiwasha. Mashine ile ilikuwa mzee. Iliwaka polepole, ikikoroma, na dakika kumi na tano zikaondoka sisi tukiangalia kiduara kinachozunguka. Mistari myekundu tena. Nikaangalia kama njia za folda ni ndefu kupita kiasi, kama majina yana alama mbaya, kama faili zimewekewa alama ya kusomwa tu. Hakuna. Dada alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na kila mara akihema mimi nilisikia.

"Iko inakataa tena?"

"Inakataa. Lakini kukataa kwake kunaniambia kitu. Kaa chini, mdogo wangu, unanipumulia shingoni."

"Dada, wewe unaongea kama redio," akasema, akakaa.

Ni kweli. Nimekulia Mwanza, nikarudi hapa na wazazi nikiwa na miaka kumi na minne, na Kiswahili changu huwachekesha watu wa Biryogo mpaka leo.

Nikafungua ukurasa wa ruhusa wa folda ya kumi na nne, mahali ambapo mashine inaandika mmiliki wa folda ni nani na ni nani wengine wanaoweza kuifungua. Palipotakiwa kuwa na jina la mmiliki palikuwa na herufi moja na msururu wa tarakimu ndefu kuliko namba ya simu. Hapo nikaelewa. Mashine haiwajui watu kwa majina, inawajua kwa namba, na jina ni kibandiko tu juu ya namba. Akaunti ikifutwa, kibandiko kinaanguka, namba inabaki pale pale imeshikilia vitu vyake. Folda zile zilikuwa bado za mtu, ila mtu huyo hakuwepo tena kwenye mashine.

"Kulikuwa na akaunti nyingine hapa?" nikauliza.

"Ya mama. Kaka alimufuta."

"Lini?"

"Siku arobaini zilikuwa bado hazijaisha vizuri. Nguo za mama tulikuwa tunagawa, na yeye akaja huku akamufuta kwa mashine. Hakuniuliza. Nilikuja asubuhi, jina la mama haiko." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Kwa nini mtu afute haraka hivyo, kama si kutaka vitu viwe vyake?"

Nilitazama saa. Ilikuwa saa saba na robo.

Nina tabia moja ambayo hainiachi hata nikiwa na haraka. Kabla sijagusa kufuli yoyote naandika orodha ya jinsi zilivyo. Mstari mmoja kwa kila folda iliyofungwa, mmiliki nani, anayeruhusiwa nani. Nikiharibu, nina mahali pa kurudi. Nikaamuru mashine iandike orodha hiyo, ikaiandika kwa nusu dakika, nikaihifadhi kwenye kijidiski changu cha mfukoni bila kuisoma.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo nimewagombeza mafundi wengi kwa sababu yake. Njia sahihi ilikuwa kufungua akaunti mpya ya dada kwenye mashine ile, kumpa yeye peke yake umiliki wa folda zote, na kunakili kwa jina lake. Ingenichukua dakika ishirini zaidi. Mimi nikachukua umiliki kwa mkupuo, na kwenye sehemu ya wanaoruhusiwa nikaandika neno moja: wote. Ni neno la kivivu kuliko yote katika kazi yetu. Linafungua kila kitu kwa kila mtu na halikosei kamwe, ndiyo sababu tunalipenda. Nilijiambia ni kwa saa moja tu, baadaye nitafunga.

Mara ya kwanza halikufanya kazi hata hivyo, kwa sababu nilikuwa nimefungua milango ya nje nikasahau vyumba vya ndani. Nikaongeza amri iingie mpaka chini kabisa. Nikaendesha skripti. Kumi na nne ikapita. Kumi na tano ikapita. Namba zikaanza kukimbia, na dada akaweka kiganja mdomoni. Nilijiona fundi wa mafundi. Nikafungua dirisha la picha kubwa kubwa kando ya skripti, ili tuone kwa macho kwamba zinazofika kwenye kompyuta yake mpya ni picha zenyewe na si maganda matupu. Na kwa kuwa mashine ile ilikuwa na tabia ya kusinzia ikiachwa, nikaizuia isilale wala isijifunge kioo mpaka kazi iishe.

Simu yake ikaita. Shangazi wa bibi harusi alitaka aende akaone chumba cha Jumapili sasa hivi, maana yeye anasafiri. Dada alisita. Nikamwambia nenda, niko hapa. Akaniachia ufunguo wa duka, akashuka kichochoro kutafuta pikipiki.

Niliketi peke yangu dakika kama kumi nikiangalia namba. Skripti ilisema imebaki nusu saa. Na mimi nikishikwa na njaa akili hunitoka. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, na harufu ya chapati ilikuwa inaingia chini ya mlango. Saa saba na dakika arobaini. Wanaume saa nane. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikavuka kwenda mkahawa wa mbele, hatua thelathini, kununua chapati mbili na kuomba chai kwenye chupa. Kulikuwa na foleni. Haikunijia kabisa kwamba kaka mwenye duka ana ufunguo wake.

Nilipotoka na mfuko wangu niliwaona wanaume wawili wameegemea ukuta wa fundi cherehani, mmoja anamwambia mwenzake kwamba leo bosi amekuwa askari. Mlango wa studio ulikuwa wazi nusu. Kwenye kizingiti, juu ya kigoda, alikuwa amekaa mwanaume mrefu mwenye kofia ya sala, mgongo wake kwa chumba, uso kwa kichochoro, magoti yameziba njia. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Ni wewe fundi?" akauliza.

"Ni mimi, kaka."

"Ingia. Kioo nimegeuza."

Alisogeza goti nikapita. Ndani, kioo cha kompyuta kilikuwa kimegeuzwa kinaangalia ukuta, waya wake umevutika mpaka mwisho, na kibodi imefunikwa kwa kitambaa cha meza. Skripti ilikuwa bado inakimbia, ilikuwa imefika mia moja hamsini na kitu. Hakuwa ameigusa. Na kando yake, dirisha nililolifungua mwenyewe lilikuwa linamwaga picha, wanawake vichwa wazi, mabega wazi, wakicheka. Nikalifunga. Nilikuwa na aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mtu mzima, miaka yote hii ya kazi, nimeacha nyumba ya watu wazi kwa ajili ya chapati.

Alizungumza bila kugeuka. "Nilisali nikarudi mbio. Nilitaka nimusaidie dada yangu kubeba vitu, mpaka kwa gari. Nilifungua mlango nikaona nyekundu. Nguo nyekundu, na mikono iko na hina. Nikageuza kioo. Zaidi sikuangalia."

"Nisamehe, kaka."

"Mimi hapana. Mwambie yeye."

Yeye alifika kabla sijapata la kumwambia. Alishuka kwenye pikipiki, akawaona wale wawili ukutani, akamwona kaka yake mlangoni, akaniona mimi ndani karibu na kioo kilichogeuzwa, na uso wake ukabadilika. Nilimweleza yote haraka, jinsi nilivyofungua ruhusa kwa wote, jinsi nilivyotoka, jinsi nilivyoacha dirisha wazi. Nilisema kosa ni langu, na nilisema mara mbili. Hakunisikiliza. Alikuwa anamtazama kaka yake.

"Umeona nini?"

"Rangi tu. Nyekundu."

"Rangi tu." Sauti yake ilikuwa chini, ndiyo iliyonitisha. "Miezi kumi na moja mashine hii iko na wewe. Mama ulimufuta. Paswadi ukanipa kama unanipa maji. Halafu leo unaniambia umeona rangi tu, mara ya kwanza?"

Kaka alisimama. Wale wafanyakazi wawili walikuwa na adabu, wakasogea mpaka kwenye mkahawa. Alikuwa mtu mkubwa, lakini alikuwa anaongea na sakafu.

"Mama nilimufuta, ni kweli. Kila asubuhi ninawasha mashine, jina yake ndiyo iko ya kwanza. Inaniambia karibu, halafu inaniuliza paswadi yake. Kila asubuhi, mbele ya watu wa kazi, mbele ya mteja. Nilishindwa. Ningekuambia, lakini wewe wakati ule ulikuwa hauongei na mtu."

"Na mafoto?"

"Mafoto sijafungua."

"Nani anajua?"

Alikunja mikono. Jibu la swali hilo nilikuwa nalo mimi, na ilinichukua dakika nzima kulitambua, kwa sababu nilikuwa bado nimezama kwenye aibu yangu.

Nikachomeka kijidiski changu kwenye kompyuta mpya ya dada, nikafungua ile orodha.

"Mdogo wangu, njoo usome," nikamwambia. "Hii niliiandika kabla sijagusa chochote. Ndivyo folda za mama zilivyokuwa leo saa saba mchana."

Nikamweleza taratibu. Mashine hizi zina tabia yao. Ukigonga folda iliyofungwa huku umeingia kama msimamizi, haikufukuzi. Inakuambia huna ruhusa, halafu inakuuliza: unataka kuipata? Bonyeza endelea. Ni kitufe kimoja. Ukikibonyeza, unaingia, na kuanzia hapo jina lako limeandikwa kwenye orodha ya folda ile na halijifuti lenyewe. Kaka yake alikuwa msimamizi wa mashine hii kwa miezi kumi na moja. Angebonyeza hata mara moja, hata kwa kuteleza kidole, akaunti yake ingekuwa hapa, kwenye mstari wa folda hiyo, karibu na namba ya mama.

"Kwa hiyo nitafute jina yake," akasema.

"Litafute."

Nilidhani ataangalia mistari kumi, ishirini. Alivuta kiti akaweka kidole kwenye kioo na kuanza kushuka. Mia moja na sabini na tisa. Alisoma yote. Kila mstari ulikuwa na namba moja tu, ndefu, ile ile, ya mtu ambaye hayupo. Skripti ilimaliza kunakili katikati ya kusoma kwake, ikahesabu, hesabu zikalingana, ikasimama ikisubiri neno langu, na mimi sikuigusa. Fundi cherehani wa jirani alikuwa anapinda suruali, nasikia mguu wake ukikanyaga na kuacha. Kaka alikuwa amekaa tena kwenye kigoda chake, mgongo kwetu.

Alipofika mstari wa mwisho aliinua kidole.

"Ulijua iko namna ya kufungua?" akamuuliza kaka yake, bila kugeuka.

"Kila siku iliniuliza," kaka akasema kutoka mlangoni. "Niliweka hapana."

Mimi nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Kufuli za kule zinakotoka hazisafiri na mzigo, lazima uzitengeneze upya kule zinakofika. Kwenye kompyuta yake mpya niliziweka folda zote chini ya akaunti yake, nikaondoa kila jina lingine, nikajaribu kuzifungua kwa akaunti ya pili ya mgeni, na mistari myekundu ikashuka kama inavyotakiwa. Ilichukua dakika ishirini kamili. Nilipomaliza, dada aliigeuza kompyuta mpya upande wake akawa anafungua folda moja baada ya nyingine, haraka, kama mtu anayetafuta kitu anachokijua. Karibu kila siku ya hina, alinieleza, mwishoni, kuna bibi harusi au mama mtu aliyemnyang'anya mama kamera na kumwambia sasa ni zamu yako. Alikuwa anazitafuta hizo. Nyingi zilikuwa na wanawake wengine pembeni, hizo aliziacha. Alichagua zile ambazo mama yuko peke yake. Zilikuwa kumi na moja. Akazinakili kwenye ile mashine ya zamani, kwenye folda mpya, akakirudisha kioo chake mbele.

"Kaka," akaita. "Ingia."

Hakusogea. "Kuna watu?"

"Hakuna watu. Ni mama."

Aliingia akasimama nyuma ya kiti. Mimi nilitaka kutoka, lakini meza ilikuwa imeniziba, kwa hiyo niliona. Mwanamke mzima, mnene, miguu mitupu, nywele zenye mvi zimefunguliwa mpaka mabegani, mikono juu, anamcheka aliyeshika kamera. Picha ya pili anazunguka, gauni limejaa upepo. Ya tatu amechoka, ameshika kiuno, bado anacheka. Dada alizipitisha polepole. Zilipofika mwisho kaka alinyoosha mkono akazirudisha mwanzo mwenyewe.

"Alikuwa anacheza," akasema.

"Kila harusi," dada akasema.

Alivua kofia, akaishika mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta.

Skripti ilikuwa bado inanisubiri hatua ya tatu, kufuta kila kilichobaki kwenye mashine ya zamani. Nilimtazama dada.

"Zote futa," akasema. "Hii moja iache. Iwe yake."

Nikaiweka folda ile kwenye zisizoguswa. Kwenye sehemu ya mmiliki nikaandika akaunti ya kaka, kwenye wanaoruhusiwa nikaandika yeye peke yake, nikamwomba dada ahakiki, akahakiki. Kisha nikaandika "ndiyo".